Uso Uliobaki Kwenye Dramu

Mzee Barasa,

Barua zote nilizochapa nilipokuwa karani zilianza kwa kumuuliza mtu hali yake. Yako sijui niiulizeje. Basi nianze na kosa langu, maana ndilo lililonikalisha hapa juu kwenye karakana yetu ya River Road, asubuhi ya Jumapili, maduka yote ya chini yamefungwa.

Jana nimekutoa kwenye mashine. Nimefanya kwa mikono yangu, na mkeo hajui. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, usije ukanikasirikia kabla hujasikia.

Ulipofariki, mimi nilijua mazishi ya kwetu. Mtu anatutoka asubuhi, alasiri keshazikwa, na picha haina kazi. Ninyi watu wa Bungoma mna mambo. Mkeo, Mama Naliaka, alitaka vijitabu vya ibada mia tatu, uso wako mbele, umejaa karatasi nzima. Nikasema kazi hiyo haiendi kwa mtu mwingine, mimi nipo. Tukaenda kibandani kwake Kenyatta Market, tukawasha ile mashine kubwa ya fotokopi uliyoifufua mara nne nikiona. Nakala ya kwanza ikatoka. Akaitazama, akasema umekuwa mweupe mno, hukuwa hivyo. Nikaongeza weusi. Akasema bado. Nikaongeza mpaka mwisho, pale ulipokuwa ukinikataza kila siku, nikaiacha ikimbie nakala mia tatu bila kupumzika. Mimi nimekaa kwenye kiti, nalia.

Fundi mwenye miaka ishirini na sita kazini huyo. Dramu ndiyo inayoshika picha kabla ya kuipa karatasi, na ile ilikuwa imechoka, tulikuwa tunaibembeleza tu. Nikaipa sura moja, kwa giza lote, mara mia tatu. Ikashika, ikakataa kuachia.

Mteja wa kwanza baada ya mazishi, mimi nikimshikia mkeo kibanda, alikuwa msichana wa saluni ya mbele, anataka nakala ya kitambulisho. Nikamtolea. Nyuma ya maandishi, kwa mbali, rangi ya majivu, ulikuwa wewe. Masikio yako, ile tai uliyovaa harusi ya Naliaka, na macho. Nikakipangusa kioo, nikasafisha waya, nikajaribu tena. Ulikuwa palepale.

Siku ya tatu akaja mama mmoja amerudisha nakala ya kadi ya kliniki. Hakuwa na hasira. Aliniuliza kwa sauti ya chini, huyu mwanamume anayemwinamia mtoto wangu ni nani. Nikamwambia ni uchafu wa mashine. Mungu anisamehe, nilikuita uchafu.

"Pima kwanza, Suhura. Bisbisi itakungoja," ndivyo ulivyokuwa ukiniambia. Jina langu, Zuhura, hukuwahi kulipatia, hata kwa miaka yote hiyo, nami nilikuwa nakujibu kuwa Kiswahili chako kimepotelea njiani Webuye. Ukicheka, mabega ndiyo yalikuwa yanacheka. Basi nikapima. Kila asubuhi niliweka rula kutoka ukingo wa juu wa karatasi mpaka jicho lako la kushoto. Wiki tatu, kipimo kilekile. Kisha Alhamisi moja ulikuwa umeshuka milimita tatu. Nikajiambia ni raba za kuvuta karatasi, zinateleza. Nikabadilisha raba zote. Wiki iliyofuata umeshuka tena, kidevu kinaanza kutoka nje ya karatasi.

Halafu ukaanza kufifia. Tai ikaenda, kisha masikio, kisha mdomo. Macho hayakwenda. Najua kifundi kwamba penye weusi mwingi ndipo dramu inaposhika zaidi, sihitaji kuambiwa. Lakini nilikuwa nafanya kazi nimekipa kile kitoleo cha karatasi mgongo, na nilihisi naangaliwa, na sikupenda.

Mwenyewe ungesema badilisha dramu, tatizo liko wapi. Tatizo nililiona asubuhi moja nilipofika mapema kuliko nilivyozoea. Mama Naliaka alikuwa amefungua nusu ya mlango tu. Akaweka karatasi tupu juu ya kioo, akafunika, akabonyeza. Ikatoka, akaishika kwenye mwanga. Aliponiona hakushtuka. "Wacha nimsalimie kwanza," akasema. Kumbe ilikuwa desturi yake tangu siku aliyorudi kutoka kukuzika Bungoma. Karatasi anaziweka kwenye katoni, kila moja na tarehe yake. Anakueleza habari za wajukuu. Siku nyingine nilimsikia akikugombeza kwa kumwachia lile paa linalovuja la nyumba yenu mtaani Satellite.

Ningefanyaje? Kila nakala iliyotoka ilikuwa inakumaliza, na yeye alikuwa analiona hilo, maana alianza kuwaambia wateja mashine ni mbovu leo, nendeni kwa wengine. Mashine haikuwa mbovu. Alikuwa anakutunza wewe, usiishe.

Na wengine nao wakakimbia wenyewe. Ofisi zilikuwa zinakataa karatasi zao. Wale wasusi wa saluni ya mbele wakanong'onezana, na mmoja akaapa hataleta jina la mtoto wake pale. Kufikia mwezi wa pili, kibanda kilikuwa kinakaa mpaka saa sita bila mtu. Binti yenu Naliaka akaniita pembeni. Akaniambia, Auntie Zuhura, kibanda ndicho Mama alicho nacho. Itengeneze, au nawaita wale wa kukodisha mashine waje waichukue hii.

Aliwaita kweli. Wakaja wawili, mashati safi, hakuna aliyefungua kifuniko. Walisoma namba ya nyuma wakasema hii haipo kwenye orodha yao, itaenda kwa vyuma chakavu. Mmoja alipojua mimi ni fundi akaniahidi kazi. Nitembee na simu, niandike mashine gani imekwama, nisubiri gari lije libebe. Nikamuuliza nani anaitengeneza huko inakokwenda. Akanitazama kwa huruma. Hata ile ofisi ya mtaa wa Jamhuri tuliyoihudumia miaka yote hawatumii karatasi tena, mashine yao iko koridoni imefunikwa kitambaa na juu yake kuna chungu cha maua. Nilisimama pale nikashindwa kuaga. Nina umri wa miaka hamsini na moja, Mzee, na kitu ninachokijua vizuri kuliko vyote duniani ni kusikiliza mashine iliyofungwa na kusema kinachoiuma. Nikiondoka mimi, sijui nani atasikiliza.

Dramu mpya ya ile mashine haitengenezwi tena popote. Ilibaki moja tu, ile uliyoificha hapa karakanani, rafu ya juu, ukaifunga kwa karatasi nyeusi ili mwanga usiiharibu. Nilikuwa naifahamu siku zote. Nilikaa nayo mapajani wiki nzima, sijui nichague nini. Nikiiweka, mkeo anapoteza uso wako. Nisipoiweka, anapoteza kibanda na uso pia, maana chuma chakavu hakisalimiwi na mtu.

Jana Mama alikuwa na kikao cha akina mama kanisani, ufunguo akaniachia. Nikafungua. Nikaangusha skrubu mbili, nikaziokota. Nilipoitoa dramu ya zamani nilijiambia nisiitazame, nikaitazama. Haikuwa na kitu, Mzee. Kijani tupu inayong'aa, na ndani yake sura yangu mwenyewe. Nikaifunga kwa ile karatasi nyeusi, kisha kwa leso yangu, nikaweka mpya. Nikatoa nakala tupu kumi, weusi mpaka mwisho. Zote safi. Nikapitisha kidole pale palipokuwa jicho. Nililia, lakini nilijua nimefanya kazi nzuri, kazi ambayo ungeipitia kimya na kuondoka bila neno, na hiyo ndiyo ilikuwa namna yako ya kusifu.

Nilikuwa nimeshafunga kifuniko, nakunja kitambaa cha vifaa, Mama akaingia. Kikao kiliisha mapema. Alikuwa hajakusalimia, na kabla hata ya kutoa kilemba alichukua karatasi tupu akaiweka. Nilitaka kumwambia. Wallahi nilitaka, mdomo ulikuwa wazi. Akabonyeza.

Nilikuwa nyuma ya bega lake na niliiona ikitoka. Nyeupe, Mzee. Hakuna kivuli, hakuna doa. Akaishika kwenye mwanga kama kawaida yake. Akaitazama muda mrefu sana, nami nikawa nangoja kilio. Akatabasamu. Sijamwona akitabasamu tangu uondoke.

"Leo ameniangalia vizuri," akasema. "Hata mdomo umerudi."

Kisha akanigeukia akanisogezea ile karatasi. Akaniuliza, unamwona? Miaka yote hiyo ulinifunza fundi hadanganyi, ajue asijue, aseme ukweli. Nikasema namwona. Akaandika tarehe, akaiweka kwenye katoni pamoja na nyingine, akafungua mlango wote wa kibanda, na aliyepita wa kwanza akamwita aingie, mashine imepona.

Sijalala vizuri. Si kwa sababu ya uongo, uongo nitaubeba. Ni vile alivyosema mdomo. Alisema kwa uhakika wa mtu anayesoma kitu kilicho mbele yake, na mimi ndiye niliyetoka pale nikijipangusa macho kama mwenye kasoro.

Nakuaga sasa, Mzee Barasa, mwalimu wangu. Ulale ulipo, watu wako wako salama. Wale wa mashati safi nimewajibu kuwa siendi. Nakuahidi mashine hiyo itafanya kazi maadamu mkeo yu hai, na ikibidi nichonge vipuri kwa mkono nitavichonga. Dramu yako ya zamani haitaona mwanga. Na kesho asubuhi, akiweka karatasi yake tupu, nitasimama karibu naye, nitoe miwani niifute, na nitaitazama ile karatasi nyeupe mpaka nikuone.

Wako,
Zuhura