Plasta ya Mgongoni mwa Kaka

Mpendwa Bi Roswitha,

Nisaidie, maana nimefika mahali ambapo kila swali ninalojiuliza najijibu kwa kifungu cha sheria, na jibu la namna hiyo halinipi usingizi. Nasomea sheria Leipzig, na kila Jumamosi ya kiangazi narudi kwetu, mji mdogo wa jimbo la Saksonia hapa Ujerumani, ambako kazi yangu ya kwanza kabla hata sijavua viatu ni kumbandika kaka yangu Falk plasta mgongoni, katikati ya mabega, pale mkono wake usipofika, kwa sababu hapo ana tatuu ya ule msalaba wa Wanazi wenye ncha zilizopinda, na sheria yetu haimkatazi kuwa nao kwenye ngozi, inamkataza kuuonyesha hadharani, na Falk anapenda sana kuogelea.

Yuko katika kikundi kinachojiita Vijana wa Nyumbani, si wale wa zamani wa vichwa vya kunyolewa na mabuti, hawa wanavaa fulana safi zenye kola, wanapanda milima, wanakunywa maji ya chupa na wanazungumzia kuwafukuza wageni kwa sauti ya watu wanaopanga mandari. Nilimuuliza kwa nini asibandikwe na wenzake, akasema mwanamume hampapasi mwanamume mwenzake mgongoni. "Na wewe si ndiye mwanasheria wa familia? Bandika, usinihubirie." Basi nabandika. Wiki moja dukani zilibaki plasta za watoto tu, zenye picha za bata, na mtetezi wa taifa akaenda bwawani na vifaranga sita vya bata mgongoni, nami nikacheka, kisha nikajichukia kwa kucheka, kwa sababu kitu kikishachekesha kinazoeleka.

Bibi yetu Edeltraud anaamini ni kidonda. Kila Jumapili anamletea Falk marhamu pamoja na saladi ya viazi, na anauliza, "Mjukuu wangu, hiki kidonda hakiponi tu?" Juzi aliniona nikikata plasta, akakumbuka mkasi wa mama yake, akatusimulia jinsi vita vilipokwisha na nguo hakuna, mama yake alivyoishusha bendera nyekundu ya Wanazi iliyokuwa dirishani, akaufumua kwa wembe ule mduara mweupe pamoja na alama yake, akamshonea sketi nyekundu, na darasani nusu ya wasichana walikuwa na sketi kama hiyo, kila moja na duara mahali ambapo jua halikuwahi kufifisha rangi. Falk aliendelea kutafuna soseji.

Sasa Bwana Knobloch, mwenyekiti wa klabu yetu ya kuogelea, anataka Falk awafundishe watoto wadogo likizo ikianza, na kwa kuwa mimi nimekulia katika klabu ile, aliniuliza kama kaka yangu ni kijana wa kuaminika. Nilimwambia nitamjibu Jumamosi. Falk anasema hakuna sheria aliyovunja, na ni kweli, nimeikagua. Ni mwalimu mzuri pia, mwenye subira, na hicho ndicho kinachonitisha, kwa sababu aliniambia akitabasamu, "Watoto wakishakupenda majini, watakufuata hadi mlimani." Nikisema, nampoteza kaka. Nikinyamaza, nimewabandika plasta machoni na watoto wale. Nifanye nini?

Wako,
Mbandikaji

*

Kwako Mbandikaji,

Nakuhurumia, na nikimaliza kukuhurumia nitakugombeza, kwa hiyo kaa vizuri.

Sheria imeridhika kwa sababu wewe unaihudumia kila Jumamosi. Ilitungwa ili alama ile isitembee barabarani. Kumchagulia Bwana Knobloch kocha si kazi ya sheria, na wewe msomi umejificha nyuma yake kama kaka yako anavyojificha nyuma ya bata.

Watazame hao mashujaa. Wanajiandaa kuiokoa Ulaya nzima, na hakuna hata mmoja anayeweza kumbandika mwenzake plasta. Ushujaa wao wote umeegemea vidole vya msichana mmoja. Viondoe.

Leo hii weka mkasi chini. Mwambie Falk aende mwenyewe kwa mwenyekiti, avue shati na aeleze anapanda mlima na nani. Ikifika Jumamosi hajaenda, nenda wewe, useme yote, na hasa lile neno la mlimani, maana hilo ni baya kuliko tatuu. Usianze na "lakini ana subira." Mtego nao una subira.

Atakuita msaliti, atanuna. Vumilia. Watoto wale hawakuomba kuwa gharama ya amani ya nyumbani kwenu. Kisha mtafutie daktari wa ngozi anayefuta tatuu. Inauma na inachukua miezi, na siku akikubali, nenda naye umshike mkono, kwa kuwa tumeshajua wenzake hawatamshika.

Na bibi yako. Unadhani unamlinda, binti, kumbe unampotezea marhamu yake. Mwanamke aliyevaa sketi ile ameshaiona alama hiyo kwa karibu kuliko sisi sote. Mama yake hakushona kiraka juu ya alama. Alikaa na wembe, akafumua uzi baada ya uzi, ndipo akamvika mtoto.

Jumapili hii Falk akae mezani bila plasta. Bibi ameuliza muda mrefu kwa nini kidonda hakiponi. Mwache akione.

Roswitha