Mlinzi na Picha ya Mfalme wa Wanormani

Karatu, Jumanne, Mei 1976

Na mimi kwa nini nilicheka!

Mvua ilinizuia shuleni, nikakaa na mlinzi wetu, Mzee Lemayan. Akaona kwenye kitabu changu cha historia picha ya mfalme wa Wanormani akiwinda. Nikamweleza kwamba Wanormani, watu waliotoka Ufaransa, waliiteka Uingereza karne tisa zilizopita, na mfalme akavunja vijiji ili msitu ubaki wa wanyama wake tu.

"Sasa mwalimu, ng'ombe wa hao waliovunjiwa vijiji walilamba chumvi wapi?"

Ndipo nikacheka. Nikamwambia mtihani hauulizi hayo.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema tu kwamba tangu wahamishwe kutoka Kreta ya Ngorongoro kupisha wanyamapori, ng'ombe wake wakifunguliwa asubuhi bado wanageukia kule kwenye magadi waliyozoea kulamba, na wanawe huwarudisha kwa fimbo.

Miaka miwili namwamkia shikamoo, sijawahi kumuuliza kwao wapi.

Kesho nawafundisha Kidato cha Tatu faida za utawala wa Wanormani. Nimekipekua kitabu chote. Ngome, makanisa, sheria. Waliofukuzwa wana mstari mmoja, nao hausemi walikwenda wapi.