Kipimo cha Upepo cha Bakari

Kaka Bakari,

Huko uliko hakuna madam wa kukunyima ruhusa, basi tulia unisikilize, maana nina maneno mengi na nina hasira.

Tumekwenda. Ile safari uliyotupigia kelele mwaka mzima, ya kutafuta mahali jangwani ambapo mstari wa ishirini na nne wa latitudo unakatana na wa hamsini na tano wa longitudo, tumekwenda Ijumaa iliyopita, baridi ilipokolea. Tulikuwa mimi, Njeri wa saluni, na Juma, mwenzio wa chumba pale Al Baraha. Unakumbuka nilivyokuwa nikikucheka? Mtu anashinda jangwani wiki nzima akiendesha watalii, siku ya mapumziko anataka kurudi huko huko! Ukanijibu, "Mwanaisha, dunia yote imepigwa mistari na hakuna aliyeiona. Mimi nataka nisimame juu yake."

Hukuwahi. Joto lilipochachamaa ulilala, hukuamka. Juma aliponipigia simu nilikuwa kazini Rashidiya, nyumbani kwa madam, nakunja nguo za watoto wake. Nikamwomba madam nije angalau nikae matanga kidogo. Akaniuliza, kwani ni ndugu yako wa damu? Nikasema hapana. Akasema khalas, yamekwisha, Ijumaa yako ya mapumziko bado. Wanaume wakaenda kukuzika, mimi nikaosha vyombo. Katika nyumba ile sikupata hata pa kukulilia.

Na unajua mkataba wangu uliisha hata kabla hujafa. Pasipoti imo kabatini kwa sir, mumewe madam. Kila nikiiomba naambiwa inshallah, baada ya Ramadhani. Ramadhani ikapita, ikawa baada ya shule kufungwa. Sasa ni mpaka mtoto aache nepi. Nimepiga kelele, nimesusa kula, nimetupa sahani. Kila nikipiga kelele wanazidi kuninyamazia, nami nazidi kudidimia.

Turudi jangwani. Juma unamjua kwa kiherehere. Lile gari la kuazima akaliingiza mchangani kwa mbwembwe, magurudumu yamejaa upepo ndi. Tukazama. Akakanyaga mafuta, tukazama zaidi. Njeri akapiga ukelele, "Wee Juma, utatuzika hapa!" Mimi nikawa nakusikia wewe tu: "Ukikwama usikanyage mafuta. Shuka, punguza upepo magurudumuni, rudi nyuma kwa alama zako mwenyewe." Kipimo chako cha upepo kilikuwa mkobani mwangu, Juma alinipa nikutunzie. Basi mimi yaya nikapiga magoti, nikatoa upepo gurudumu moja baada ya jingine, Juma amenuna. Gari likatoka kinyumenyume, taratibu, bila kelele. Ungekuwepo ungetucheka mpaka jioni.

Tukaendelea mpaka simu ikatuonyesha ni pale mbele, hatua chache tu. Na hapo hapo pana uzio wa waya. Zizi la ngamia la mtu. Juma akasema turudi, kafeel wake, yule mdhamini wa viza yake, akisikia amekamatwa kwenye mali ya watu atamrudisha kwao. Njeri naye akasema hivyo hivyo. Sikuwalaumu. Sisi tukiona waya miguu inasimama yenyewe.

Akatokea mchungaji, mzee wa Kisudani, akatuuliza kwa Kiarabu tumepoteza nini. Nikamwambia ndugu yangu amekufa, alitaka kusimama pale. Hakuuliza wa damu au la. Akauinua waya kwa fimbo yake, akasema, "Yalla, pita, binti yangu."

Nikapita chini natambaa, nikasimama pale mistari inapokatana. Hakuna kitu pale, kaka. Mchanga na mavi ya ngamia. Nikakusomea Fatiha, nikakulilia kwa sauti mpaka ngamia wakageuka kunitazama. Nilipoinua kichwa nikawaona Njeri na Juma wameushika waya, na kutoka pale niliposimama mimi, wao ndio walioonekana wamefungiwa. Nikawahurumia. Halafu nikakumbuka kwamba jioni narudi Rashidiya.

Mama yako amepiga simu kutoka Mtwapa. Anataka kitu chako chochote, ulichokuwa ukikishika. Juma akasema tumpe kipimo mtu anayekwenda Mombasa, wapo kila mara. Nimekataa. Nimemwambia mama kipimo ni amana yako, nitamletea mwenyewe mkononi. Akasema, "Haya mwanangu, nakungoja." Yule ni mtu mzima, Bakari. Hawezi kungoja mpaka mtoto aache nepi.

Jana nimemwambia madam. Sikupiga kelele, sikutupa kitu. Nimesema nina amana ya marehemu, nataka pasipoti yangu. Akasema inshallah. Leo asubuhi, kabla hajanywa chai, nimesema tena maneno yale yale, polepole. Akakirudisha kikombe mezani. Kesho nitasema tena, na keshokutwa, mpaka kabati lile lifunguliwe.

Mungu akulaze pema, kaka yangu. Mlangoni kwa mama yako nitabisha mwenyewe.

Mwanaisha