Siku Leoncio Alipougusa Mpira

San Pedro de Macorís,
mwisho wa Januari

Kaka yangu Fausto,

Naamini barua hii itakukuta mzima kwenye baridi hiyo ya huko, wewe, wifi na watoto. Sisi hatujambo. Mama bado anakwenda kanisani kwa miguu yake, goti likimruhusu.

Uliniuliza kwenye simu kama uliyoyasikia juu ya mdogo wetu ni kweli. Ni kweli. Leoncio, ambaye katika ligi yetu ya besiboli hakuna aliyepeleka mipira mingi nje ya uwanja kumshinda, siku ya kuagwa, katika mchezo wake wa mwisho, aliugusa mpira tu, kama mtu anayemsogeza kuku mlangoni.

Ujue misimu hii miwili ilikuwa migumu. Alipiga hewa mno. Wale wale waliomwita Mfalme wakawa wanampigia kelele, “Babu, omba fimbo, gongo limekushinda!” Mimi nilishangazwa na jambo jingine: mezani aligeuza kichwa kizima kutafuta sahani ya ndizi iliyokuwa kushoto kwake. Nikimwuliza, anacheka, ati shingo imezeeka kabla ya mwenyewe.

Basi Jumapili uwanja ulifurika. Mrushaji, kijana wa Baní, alimvulia kofia kwanza. Mpira ulipokuja, Leoncio akamgeukia kifua na uso, akalilaza gongo, mpira ukadondoka miguuni pake. Naye akatimka na zile mbio zake za bata, akafika kituo cha kwanza salama, anacheka peke yake. Kocha alitupa kofia chini. Jirani yetu doña Mireya akaapa kwamba amerogwa.

Mimi sikulala na swali hilo. Kesho yake nilimkuta uani anamenya machungwa, nikamwambia siondoki bila jibu. Kaka, jicho lake la kushoto halioni, tangu msimu uliopita. Mpigaji husimama ubavu, na hilo ndilo jicho linalotangulia mbele. Alikuwa anatazama bega la mrushaji na kubahatisha. Mpira ungeweza kumuua. Daktari alimkataza, yeye akamsihi anyamaze. Ila siku ya mwisho alitaka kumkabili mrushaji kwa jicho lililobaki, walau mara moja.

“Nereida,” aliniambia, mikono imelowa maji ya machungwa, “nimeuona mpira mpaka unagusa gongo. Nimeiona hata mishono yake, myekundu vile vile.”

Amekubali nikuambie wewe. Mama ataambiwa na Leoncio mwenyewe. Ukimpigia usimgombeze. Mwulize tu mpira ulivyokuja, halafu tafuta kiti, maana atasimulia mpaka usiku.

Nibusie watoto, na wifi mwambie namkumbuka.

Mdogo wako,
Nereida