Kiti cha Plastiki Msibani Kwako

Wifi yangu Mwanaidi,

Nakuandikia nikiwa na hasira, usinilaumu. Wewe ndiye uliyenitia kwenye haya mambo ya yoga ya tiba kwenye simu, kisha ukaniachia simu, mkeka na yule mwalimu wako wa Dar asiyechoka kusema "pumua". Nisingekuwa napumua, si ningekuwa huko kwako?

Siku tuliyokupeleka Rudewa kukuzika, wanawake wote walikaa chini. Mimi, mke wa kaka yako, niliyeishi na wewe nyumba moja Kilosa miaka yote hii, magoti yalinigomea nikaletewa kiti cha plastiki. Nikakulilia nikiwa juu kama mgeni rasmi. Nikamsikia shangazi mmoja ananong'ona, "Hao wa mjini hawakai chini." Maneno yale hayajanitoka mpaka leo.

Ndiyo maana sikuacha darasa. Ulizoea kuniambia, "Wifi, magoti ni watoto, yabembeleze." Ya kwako sawa, ulikuwa unajilalia kitandani na kumwambia mwalimu kamera imeharibika. Yangu hayabembelezeki. Mwalimu anatushusha taratibu, akifika kwenye kunyanyuka bando la simu linakata. Nikirudi, wenzangu wameshalala chali wanapumzika. Na kuku wako huyu mweupe kafanya mkeka ni wake. Kuna siku nililia pale sakafuni, sijui kwa goti au kwa ajili yako.

Arobaini yako ilikuwa juzi. Wakaniletea kiti kile kile. Nikakisukuma pembeni. Nikashuka kama tulivyofundishwa, mkono ukutani, goti moja, halafu la pili. Nikakaa mkekani na wenzangu mpaka dua ikaisha. Kunyanyuka ndiko kulinishinda, wifi. Somo la kunyanyuka ndilo lile ambalo bando lilikuwa linanikatia. Walininyanyua watu watatu, na yule shangazi mnong'onaji akiwemo, na sikuona haya.

Nisamehe kiti cha siku ile. Haikuwa dharau.

Mungu akulaze pema. Mvua zikikatika nitakuja kung'oa majani kaburini kwako. Nitachuchumaa mwenyewe na nitanyanyuka mwenyewe. Nikishindwa kunyanyuka, nitakaa hapo hapo chini na wewe mpaka mtu apite.

Wifi yako,
Mama Shabani