Mama Zuhura na Jumamosi za Newala

Mama Zuhura mpendwa,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo kisha nikakaa kidogo, kama ninayesubiri marahaba yako. Ni mazoea tu. Miaka tisa nilikuamkia kila asubuhi pale mapokezi, wewe na beseni lako la mashuka, mimi na kalamu yangu, na hukuwahi kuniitikia bila kunichokoza kwanza. Arobaini yako imepita juzi. Nakuandikia kukusifu, kwa sababu sifa ulizostahili ni nyingi na ukiwa hai nilikubania. Lakini kuna Jumamosi moja uliyoibeba kwa niaba yangu, jina lako likachafuka huko kwenu upande wa Mkunya, ukaingia nalo kaburini likiwa vilevile. Hiyo nayo nitaisema humu, mbele ya kila atakayesoma, maana nataka jina lako lisafike.

Nilipopata kazi kwenye ile hoteli yetu ndogo ya Newala nilikuwa kijana wa Masasi, mtoto wa mtaa wa Mtandi, nimekulia chini ya yale majabali na kengele ya kanisa, na nilijiona mtu wa mjini kwelikweli. Newala niliiona kama adhabu. Baridi, upepo, maji ya zamu. Mgeni wa kwanza aliyeniuliza, "Kijana, wikiendi hapa mtu anafanya nini?" nilimjibu bila hata kuinua kichwa: "Hakuna kitu, mzee. Labda uende Mtwara ukaone bahari."

Ulikuwa unadeki korido. Uliegemeza dekio ukutani, ukaja mpaka mezani kwangu.

"Hakuna kitu?" ulisema. "Wewe Mmakua, Jumamosi unajifungia chumbani unakula panya wa kanisani peke yako?"

Mgeni alicheka kabla sijajua nicheke au ninune. Nyumbani niliambiwa kuwa Wamakonde na Wamakua ni watani, lakini sikuwahi kukutana na mtani wa kazi kama wewe. Ukamgeukia yule mzee, sauti ikawa ya heshima, ukampa Jumamosi yake yote. Aende gulioni asubuhi na njaa yake, asinywe chai ya hotelini. Atafute kina mama wanaouza ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa na chumvi, aile akiwa amekaa palepale chini, amenye kwa meno. Jioni aende uwanjani kwenye mpira, lakini asikae upande wa kivuli, maana huko wanakaa wanaojua kila kitu. Mzee alirudi magharibi, viatu vyekundu kwa vumbi, akaniambia anaomba aongezewe siku moja. Mimi ndiye niliyepokea shukrani. Wewe ulikuwa nyuma unaanua mashuka.

Baadaye nikagundua siri yako. Ulikuwa unamsoma mgeni kwa kitanda chake. "Huyu wa namba nne halali," uliniambia asubuhi moja. "Shuka lote liko sakafuni, mto kaupiga ngumi. Usimpeleke kwenye kelele huyo. Mwambie aende Shimo la Mungu kabla jua halijapanda, akae pale ukingoni aangalie bonde mpaka Ruvuma. Akichoka kuangalia atarudi kulala." Na kweli alirudi akalala hadi saa kumi. Mwingine alikuwa anakula chumbani siku zote, makombo ya biskuti kitandani. "Huyu ana upweke, ntu wa watu. Mpeleke kwaya ya Jumapili, hata kama si Nkristo. Watamkalisha katikati." Mimi nilisomea hoteli mwaka mzima chuoni na hakuna mwalimu aliyenifundisha kwamba ntu anajulikana kwa shuka lake. Umeona, hata lafudhi yako imenikaa.

Nakumbuka yule mama msimamizi wa mitihani aliyetoka Dodoma, aliyeuliza kama tuna bwawa la kuogelea. Ulimjibu kwa upole kabisa, "Mama, hapa hata ya kunawa tunasubiriana." Kisha ukamwalika kwako Jumapili. Nilikuja naye. Ulishawasha moto nje, korosho zinakaangwa kwenye bati lililotobolewa, moshi unawasha macho, ukampa yule mama kigongo na jiwe abangue. Nikakunong'oneza kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu ndiyo mpe jembe. Ukasema kwa sauti, asikie, "Huyu siku ya tatu ana basi. Jembe lake anapewa leo." Alibangua mpaka vidole vikawa vyeusi, akavunja nusu, akala hizo nusu, akacheka kama msichana. Kisha ukatupakulia ugali wa muhogo na kisamvu cha korosho. Alipoondoka alikukumbatia wewe, mimi akanipa mkono tu.

Na siku ulipokuja Masasi kwenye ubatizo wa Anjela wangu! Ulikaa kanisani na mtandio wako mpaka mwisho, ukitaka kujua kila kitu, na baada ya chakula ukasema huwezi kurudi Newala bila kupanda yale mawe. Ulijifunga kanga kiunoni ukapanda, vijana wakihema nyuma yako. Kule juu uliniuliza, "Na wageni wenu wa Masasi mnawaambia huku kuna nini?" Nilizaliwa chini ya mlima ule na sikuwahi kumwambia mtu aupande. Siku hiyo nilijua kwamba hukuwa unawapenda wageni tu. Ulikuwa unapapenda mahali, popote ulipo, na ulitaka kila mtu apaone kwa macho hayo yako. Hilo nililihusudu na bado nalihusudu.

Sasa nije kwenye Jumamosi yenyewe.

Mjukuu wako Shafii alikuwa amepelekwa jandoni. Ulikuwa unaisubiri siku ya kutoka kwake kuliko hata mwanao Zuhura, mama yake mzazi. Ulishaweka kanga mpya ya kumpokea, ukanionyesha, ukanisimulia nyimbo. Ukaniambia hivi: "Siku wakitoka nitakwambia mwenyewe. Hiyo ni sherehe ya wote, utaleta na wageni." Ukachukua ruhusa ya siku chache, ukaenda kwenu.

Ijumaa akafika mhandisi mmoja wa Mwanza na mkewe. Jumamosi asubuhi wakasimama mbele yangu na swali lilelile. Wewe hukuwepo. Ningeweza kuwapeleka gulioni. Ningeweza kuwapeleka Shimo la Mungu. Lakini dereva wa bodaboda alikuwa amenieleza kwamba alfajiri kasikia ngoma kwenu, na kiherehere kikanishika. Mimi nilitahiriwa hospitali, nikapewa soda na shuka jipya, basi. Kwangu ngoma ni ngoma. Sikujua kwamba zipo zinazopigwa watoto wakiwa bado ndani, na kwamba hizo si za kuitikia kwa miguu. Nikawachorea njia nyuma ya fomu ya wageni: mpite msikiti, mshuke kwenye mikorosho, mfuate sauti. Niliwaambia watapokewa vizuri sana.

Walifuata sauti mpaka kwenye uzio wa likumbi, kambi yenyewe ya jando, mwanamke ametangulia na simu mkononi anapiga picha. Mwanamke hafiki pale. Hata wewe bibi mtu hukuthubutu kufika. Walipozuiwa wakaulizwa nani kawatuma, mhandisi akasema ukweli alioujua: mfanyakazi wa hoteli. Na kwenu mfanyakazi wa hoteli alikuwa mmoja tu.

Wazee wa jando wakakuita. Ungesema "mimi sikuwepo kazini," mambo yangekwisha hapo, wangenijia mimi. Ukasema, "Ni mimi. Nilikosea siku." Picha zikafutwa, wageni wakarudishwa barabarani kwa heshima, na wewe ukaambiwa, palepale mbele yao, kwamba siku ya kuwatoa watoto usionekane uwanjani.

Niliyajua yote siku ileile, mhandisi aliponisimulia kwa aibu, kwamba alitaka kukanusha ukamkata jicho. Uliporudi kazini Jumatatu ya wiki iliyofuata nilikungoja mlangoni nikiwa na hotuba nzima ya kuomba radhi. Hukuniacha niianze.

"Wewe ntoto wa watu, wangekufukuza Newala," ulisema. "Mimi ni wao, watanipeleka wapi? Usiniletee pole, niletee sabuni, mashuka yamelala."

Nikakuletea sabuni. Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba yamekwisha kirahisi hivyo. Nilijiambia nitakwenda kwenu nikaseme mwezi ujao. Mwezi ujao ukawa msimu wa korosho, hoteli ikajaa. Kisha ukawa mwaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nilijenga nyumba nzima nikahamia. Wewe uliendelea kunifundisha wageni wako kama kawaida, na hata ulipostaafu kwa ugonjwa wa miguu ulinitumia maagizo kwa simu: namba mbili anakohoa, mpe asali ya Makote. Mtu gani huyo anayejua mgeni anakohoa akiwa hayupo? Nilikuuliza, ukasema umemsikia kwenye simu nyuma yangu.

Msibani kwako nilikuja kama mtani. Walinitegemea. Siku ya pili nilivaa aproni yako, nikashika dekio, nikawaigiza wafiwa jinsi unavyonyanyua shuka na kutangaza tabia za mtu. Walicheka huku wanalia, na nilijua ungependa. Ndipo nikaona watu wote wapo, wazee wa jando wamekaa kwenye mkeka wa mbele, nikasema moyoni, ni sasa. Nikasimama katikati nikapaza sauti: "Na wale wageni wa likumbini niliwatuma mimi! Bibi yenu hakuwepo hata kazini!"

Mama, walicheka mpaka mmoja akajipiga mapaja. "Ntani mwongo huyo!" wakapiga kelele. "Anataka na makosa ya maiti arithi!" Nikasema tena, nikiwa na machozi. Wakacheka zaidi, wakasema naigiza vizuri. Mtani msibani haaminiwi hata akiapa, nani asiyejua hilo? Mimi nililisahau siku niliyolihitaji.

Kwa hiyo siku ya arobaini nilikuja bila aproni. Nilimkuta Zuhura nyuma ya nyumba, kwenye masufuria ya pilau, nikamwomba aache mwiko. Nikamwambia polepole. Nilimwambia habari ya fomu, msikiti, mikorosho, neno kwa neno nililowaambia wale wageni. Alinitazama muda mrefu akitafuta kicheko usoni kwangu. Hakukiona, akakaa chini kwenye kinu kilicholazwa.

"Siku ile ya kuwatoa watoto alikaa ndani," alisema. "Mimi niko uwanjani peke yangu nampokea mwanangu. Nilipita dirishani kuchukua maji nikamsikia anaimba. Anaimba nyimbo zote, na za kujibu anajijibu mwenyewe. Sikuingia. Nilikuwa na hasira naye. Nikasema, ntu nzima, kazaliwa hapa, anakoseaje siku ya ntoto wetu?" Akafuta mikono kwenye kanga. "Nimemkasirikia miaka sita, Baba Anjela. Mpaka anaumwa nilikuwa nampikia na hasira yangu."

Niliogopa atanipiga na ningekubali. Badala yake aliniambia hivi: "Wewe ukisema wanacheka. Basi andika. Weka jina la mwanao, wajue ni nani. Ijumaa wakitoka msikitini nitawasomea mimi mwenyewe, na Shafii atasimama pembeni yangu."

Ndiyo maana barua hii iko wazi. Nimeiandika kwa siku tatu, na kwa siku tatu wageni wameniuliza wikiendi wafanye nini, na nimewajibu vizuri kwa maneno yako. Hoteli inanisifu. Nimewaambia wamsifu nani.

Lala salama, mama. Uliwapa watu wa mbali siku njema kwenye nchi yenu, na ile siku moja iliyokuwa yako ukanipa mimi. Zuhura, hapa soma kwa sauti, usiharakishe: waliokwenda likumbini Jumamosi ile niliwatuma mimi. Mama yako hakukosea siku.

Ni mimi mwanao wa mapokezi,
Baba Anjela