Baba Kabwe, Wanataka Nipyaniwe

Baba Kabwe wangu,

Ninaandika mwenyewe, polepole. Shule yangu unaijua ilipoishia, kwa hiyo usicheke.

Tangu tukuzike hapa Kabuta, mvua imenyesha mpaka imeisha. Watoto wanakula. Neema wetu ameanza kukimbia, na kila mutu anasema paji la uso ni lako. Ninaanza na hayo ili usihangaike. Kuhangaika ni kazi yangu, uliniambia kila siku.

Unakumbuka tulivyovuka ziwa tukikimbia vita vya Kongo, kuja huku kwa ndugu zako? Mutumbwi umejaa watu na masufuria, na mimi nakuuliza mara kumi kama tutafika. Mbele ya kuusukuma majini ukaomba: "Bwana, unatuona. Twende." Nikashangaa, "Eh! Ndiyo yote? Kwa maji mengi namna hii?" Ukajibu, "Mama Kabwe, Mungu hapimi maombi kwa urefu." Watu wakacheka, hata yule mama aliyekuwa analia.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Ndugu zako wanataka nipyaniwe, nisafishwe kifo chako. Wanasema kivuli chako kiko juu yangu, kitaua watoto, na kitatoka tu kama mudogo wako Musonda atalala na mimi. Nikasema mimi ni mutu wa Yesu, kanisa liliomba juu ya kaburi lako, imetosha. Kaka yako mukubwa akapiga mikono: "Imetosha? Bon! Mutoto akifa, utamuita pasta amufufue!"

Tangu siku ile hakuna anayekula kwangu. Desturi unaijua: mujane ambaye hajasafishwa akitia chumvi ndani ya sufuria, anayekula atakohoa mpaka afe. Kule soko la Kashikishi wamama wanapita mbele ya samaki wangu kama wanapita mbele ya mawe. Hata wale tunaoimba nao kwaya, Baba Kabwe. Hapo ndipo iliniuma. Musonda mwenyewe hana ubaya. Ana haya kunishinda, ananisalimia akiangalia miguu yake.

Halafu Neema akashikwa na homa. Nitakuambia kweli, sababu sijawahi kukuficha kitu. Nilimufunga mugongoni asubuhi nikashika njia ya kwa Musonda. Imani ilibaki nyumbani, miguu ikatoka peke yake. Nilikuwa ninakwenda kusema ndiyo. Nilijiambia Mungu atanisamehe, lakini mutoto akienda harudi.

Pale kwake nilimukuta mama yako anafagia kiwanja. Akamugusa Neema shingoni.

"Huyu anaungua! Unasimama hapa kufanya nini?"

"Mama, nimekuja kukubali."

Aliniangalia, akatupa ufagio. "Utakubali kesho. Leo twende kiliniki."

Pale kiliniki muuguzi akamutoboa Neema kidole, akangoja, akasema, "Ni malaria, mama." Baba Kabwe, nilicheka. Muuguzi alifikiri nina wazimu. Nani anafurahia malaria? Lakini ilikuwa malaria! Ile ya nyumba zote, ya wajane na ya wenye mabwana. Mama yako naye akacheka mpaka akafuta macho na kitambaa.

Tulipokuwa tunarudi akaniuliza, "Na kesho?"

"Kesho pia hapana, mama."

Akamutwaa Neema, akamubeba mwenyewe, akatangulia.

Mutoto amepona, lakini neno halijaisha. Jumapili hii baada ya ibada ndugu zako watakutana, na mimi nimeitwa. Pasta alinifundisha kwamba kifo kinafungua kifungo cha ndoa. Nikipenda kuolewa siku moja, ruhusa iko. Ni vizuri. Lakini kuolewa si kusafishwa. Nilikuogesha, nilikulisha, nilikushika mukono mpaka ukapoa. Uchafu hapo ni upi?

Ninaogopa, sitakudanganya. Watoto wataugua tena, mutoto anaugua tu, na kila mara kidole kitanielekea mimi. Ninajua. Yesu hakuniambia kwamba nyumba yangu haitaingia homa. Alisema atakuwa pamoja na sisi. Nikimuacha kila mara mutoto anapopata joto, nitabaki na nani wa kumuomba? Siku ile kwenye kiwanja nilitaka kuomba, sikupata hata neno, na sasa ninafikiri alinisikia vilevile. Sitaki kusimama tena mahali kama pale.

Kwa hiyo nitakwenda, na nitasema hapana mbele ya wote, kwa heshima, bila kutukana mutu. Maneno nimeyafanyia mazoezi nikisonga ugali, na Kabwe ananiuliza ninaongea na nani.

Jana mama yako alipita. Sijui kama amenikubalia. Aliuliza tu saa ya kukutana, kisha akasema, "Usibebe kitu cha kukalia. Mukeka wangu ni mupana, tutakaa wawili."

Pumzika kwa Bwana, baba wa watoto wangu. Sisi tuko.

Muke wako,
Mama Kabwe